Jibu: Kubadilisha mkono wa mafuta kwenye Argo ya magurudumu sita

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba kwenye Argo yako, gari dogo la kupita nchi kavu na majini, mkono wa mafuta (kishikio cha kuongezea mwendo) wa kuzungusha, kama ule wa pikipiki, hukufanya uongeze mwendo bila kukusudia kila gari linaporuka kwenye magogo, nawe unataka kuweka wa kusukuma kwa kidole gumba. Hilo lilinisumbua mimi pia, na naunga mkono mabadiliko hayo, kwa kuwa gari hili hupinda kwa kufunga breki magurudumu ya upande mmoja, hivyo mkono wako unaovuta usukani kwa nguvu ndio huo huo unaozungusha kishikio cha mafuta.

Kabla ya kununua chochote, zima injini, uchomoe kebo ya mafuta (waya unaounganisha kishikio na injini) na uivute kwa mkono, kwani maji na tope huingia ndani ya ala yake na kuifanya ikwame. Kisha pima kwa rula umbali ambao wenzo wa kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa) husafiri, uulinganishe na mvuto wa kifaa kipya, yaani urefu ambao kinaivuta kebo. Mimi sikupima, nilipata kifaa chenye mvuto mfupi, na injini haikufikia nguvu kamili hata siku moja.

Ukishafunga, washa injini ikiwa kwenye gia huru, ugeuze usukani hadi mwisho pande zote mbili: mngurumo ukipanda, kebo ni fupi au imepita pabaya. Usiiondoe gavana ya injini, yaani kidhibiti kinachoizuia isizunguke kasi kupita kiasi, na tafadhali weka swichi ya kuzima injini yenye kamba unayoifunga mkononi kabla hujaingia majini.