Kwa nini wasomaji wa hali ya hewa wa zamani wanakumbukwa Nyanda za Juu, na redio zetu zifanyeje

Mkuu umeuliza kwa nini watu wa Mbeya, Iringa na Njombe bado wanawataja kwa mapenzi wasomaji wa hali ya hewa wa enzi za Redio Tanzania na baadaye TBC, na kama redio zetu za mikoani zinaweza kumpata mtu wa namna hiyo. Zinaweza, tena bila mtambo wowote mpya.

Anza na mpangilio. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutaja nchi kanda kwa kanda, na huku kwetu Rukwa, Songwe, Mbeya, Njombe na Iringa huwekwa fungu moja. Wale wasomaji walifuata mpangilio uleule kila jioni, kwa mwendo uleule, wakitua kidogo kabla ya kutaja kanda. Mama aliyekuwa anasonga ugali alijua ni lini atege sikio. Siku hizi muziki unapandishwa juu ya sauti na jina la mkoa linamezwa. Zima muziki kwa dakika mbili, taja kanda, tua, kisha soma.

Lakini kinachomfanya mtu apendwe kweli huku ni kulichambua hilo fungu kwa mwinuko. Kyela iko kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, Jiji la Mbeya mita 1,700, uwanda wa Kitulo unafika 2,600. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Mbeya ikitajwa nyuzi 22, aliyeko Kyela ategemee kama 29. Mvua nazo hazifanani. Aprili inapofika, bonde la Usangu huko Mbarali mvua zinaelekea kukatika, wakati Kyela na Tukuyu ndiyo kwanza zimepamba moto. Pepo za kusini mashariki hupita juu ya Ziwa Nyasa zikachukua unyevu, zikigonga milima ya Livingstone na Rungwe zinapandishwa, zinapoa, na mvua inashuka hapo hapo. Mtangazaji akisema tu "mvua zinaisha Mbeya", amempotosha mkulima wa mpunga wa Kyela. Atenge Mbarali na Chunya upande mmoja, Rungwe, Busokelo na Kyela upande wa pili. Asitunge lakini, utabiri na tahadhari ni kazi ya TMA. Apige simu kituo chao kilicho karibu, aulize, ndipo aseme.

Maneno ya taarifa yana uzito wake, na hapa ndipo wengi wanaharibu. "Mvua katika maeneo machache" haina maana ya manyunyu. Inaweza kupiga mvua ya mawe kijiji kimoja na jirani asione tone. "Mvua kubwa" ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Tahadhari zina ngazi tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, ukilisoma angalizo kwa sauti ya maafa, siku ya tahadhari kubwa hakuna atakayestuka. Na utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili ukisema "wastani", ni kati ya asilimia 75 na 125 ya kawaida ya eneo. Penye kawaida ya milimita 800, hiyo ni kuanzia 600 hadi 1,000. Hizo 600 zikija na wiki tatu za ukavu Februari, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, gunia hupati, na utabiri utakuwa haujakosea. Msikilizaji aambiwe hivyo mapema.

Milimita zenyewe zinahitaji kufafanuliwa. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba, kwa hiyo milimita 20 ni ndoo ya lita 20 kwa kila mita ya mraba ya shamba. Mkulima akisikia hivyo anaelewa mara moja kwa nini mvua ya milimita 5 ya mwanzo wa Novemba si ya kupandia. Kwa mahindi, asubiri walau milimita 20 hadi 25 ndani ya siku mbili tatu, kisha achimbe aone kama unyevu umeshuka kiganja kizima na zaidi. Akipanda kwenye unyevu wa juujuu, mbegu inaota, inakauka, na mbegu ya pili ananunua kwa bei ya juu.

Redio inaweza kuwa na wapima mvua wake vijijini. Kopo lenye kuta zilizonyooka linatosha, rula ikitumbukizwa mpaka chini, kina cha maji kwa milimita ndicho kipimo. Likae mahali peupe, mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya kimo cha huo mti au nyumba, lifungwe kwenye kigingi kilichosimikwa ili upepo usiliangushe. Lisomwe saa 3 asubuhi kila siku, kisha limwagwe. Ukichelewa hadi mchana jua limeshakunywa sehemu, na kopo lenye mdomo mpana kuliko kitako litakudanganya kila siku.

Kipupwe ndicho kipindi ambacho msomaji mzuri anaokoa mali ya watu. Kuanzia Juni hadi Agosti, Makete, Njombe na Mufindi hupigwa na barafu ya alfajiri. Kipimajoto cha kituo hukaa ndani ya kibanda, kama mita moja na nusu juu ya ardhi, ilhali hewa ya baridi ni nzito na hutelemkia bondeni. Redioni inaweza kusomwa nyuzi 4 na viazi kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, vikaungua. Kwa hiyo jioni yenye anga jeupe, bila upepo, na kiwango cha chini kilichotabiriwa ni nyuzi 5 kushuka, mtangazaji awaambie wenye vinyungu wazi kabisa: mwagilieni kabla jua halijazama, funikeni vitalu vya miche kwa nyasi, mfunue jua likishapanda. Mawingu yakitanda au upepo ukivuma, hatari inapungua, na hilo nalo aliseme ili watu wasikeshe bure. Madereva wa mlima Kitonga na wa barabara ya Uyole–Tukuyu wapewe sentensi moja ya ukungu, inawatosha.

Na asubuhi arudi hewani na vipimo vya wale wenye makopo: jana tulisema mvua, Igawilo zimeshuka milimita 18, Rujewa hakuna kitu. Utabiri ukiwa umekosea, autaje hivyo hivyo kwa namba, kabla hajasoma wa leo.