Muulize Mpiga Besi: “Wazee wanasema gita langu linalia kama bati”

SWALI: Mzee, salamu kutoka Tororo. Napiga besi kwenye bendi ya harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa). Tukiingia kwenye rumba ya miaka ya sabini, ile ya Nairobi na Kampala, wazee wanatikisa kichwa na kusema besi yangu inalia kama bati. Gita ni la nyuzi nne, lina pikapu mbili (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), na nyuzi nimefunga mpya mwezi jana. Wenzangu wananiambia ninunue pedali, kile kisanduku cha mguuni cha kubadilisha sauti. Ninunue ipi?

JIBU: Usinunue yoyote, mwanangu. Pesa iache mfukoni kwanza. Ugonjwa umeutaja mwenyewe: nyuzi mpya.

Karibu nyuzi zote za besi zilizopo madukani leo zimezungushiwa waya wa duara. Pitisha ukucha juu yake utasikia zinakwaruza. Mlio wake ni mkali, unang'aa, na ukiwa mpya ndiyo kabisa. Nyuzi hizo zilianza kushika kasi Uingereza miaka ya sitini, hasa baada ya John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, kufanya kazi na watengenezaji wa nyuzi za Rotosound mnamo 1966. Za kabla yake zilikuwa bapa: zimefungwa utepe wa chuma uliolala, laini chini ya kidole, na sauti yake ni nene bila ule ukali wa juu.

Anayetajwa sana kwa nyuzi bapa ni James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za kampuni ya Motown kule Detroit, Marekani. Gita lake lilikuwa Fender Precision ya 1962, nyuzi nzito za La Bella ambazo hakuwa na haraka ya kuzibadilisha, kipande cha sponji chini ya kifuniko cha daraja (pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gita), na kidole kimoja tu cha shahada. Studioni mara nyingi gita lilichomekwa moja kwa moja kwenye mikseri. Pedali haimo humo.

Sasa msikilize Tom Malanga, mpiga besi wa Les Wanyika, bendi ya Nairobi. Noti inaingia nene, inakaa kidogo, inaondoka, na pale inapoondoka ndipo gita la rithim linapata nafasi ya kusema. Besi yako wewe, ninavyoisikia kwa maelezo yako, haiondoki. Inabaki inavuma juu ya noti inayofuata.

Kwa hiyo anza na sponji. Ukipita Nsambya, Kampala, kwa mafundi wa makochi, omba mabaki. Huko kwenu nenda kwa yeyote anayeshona magodoro. Kata ukanda wa upana wa vidole viwili, urefu wa kufikia nyuzi zote nne, unene uzidi kidogo tu nafasi iliyopo kati ya nyuzi na mwili wa gita. Uchomeke karibu kabisa na daraja. Usitie gundi, maana utausogeza mara nyingi kabla hujaridhika. Piga uzi wa A ukiwa wazi: noti ifike vizuri, ujue ni A, kisha ife yenyewe. Ikitoa “tup” kama unagonga meza, sponji imebana sana, ipunguze. Ikiendelea kuvuma, haijagusa. Angalia pia uzi wa E, ambao ni mnene na hukandamiza sponji kuliko wenzake. Mara nyingi ndio unaokufa wakati G bado inaimba. Hapo punguza sponji kwa mkasi upande wa E peke yake.

Ukishapata hiyo, kitufe cha toni kifunge, halafu kifungue kidogo sana. Pikapu zote mbili ziwe sawa kwa sauti, au uipe nguvu zaidi ile ya karibu na shingo. Na mkono uhamie mbele, pale shingo inapoishia. Ukipiga karibu na daraja unapata mikwaruzo ya juu; ukisogea shingoni uzi unatoa unene wake. Jaribu dole gumba pia. Tazama picha za Fender za miaka ya sitini: kile kibao cha kushikia kimewekwa chini ya nyuzi, upande wa uzi mwembamba. Vidole vinne vilishika hapo, dole gumba likapiga. Kilihamishiwa juu katikati ya miaka ya sabini, watu walipokuwa wamezoea kupiga kwa vidole.

Nyuzi bapa zinunue baadaye, ukipata hela. Si rahisi kuzipata na bei yake inauma, lakini zinadumu miaka. Nyingi zinavuta kuliko ulizo nazo, kwa hiyo shingo itapinda kidogo na itabidi fundi airekebishe ile fimbo ya chuma iliyo ndani. Kwa sasa acha hizo ulizofunga zichakae. Usizifute, usizichemshe. Mafuta ya vidole yatafanya kazi yake.

Jambo moja zaidi, na hili linawapotosha vijana wengi. Bila shaka unajifunza nyimbo hizo kwa simu. Uzi wa E mtupu unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kuutoa. Unachosikia ni mitetemo ya juu yake, ile ya 82 na kuendelea, na sikio linajaza lenyewe noti ya chini. Tena hata wakati wa kukata santuri ndogo za 45, mafundi walibana besi, kwa sababu besi nzito hupanua mfereji na kurusha sindano. Ukifungua besi yote kwenye amplifaya hutaipata sauti ile, utapata ngurumo. Kwenye ekolaiza (vitufe vya kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba) punguza chini ya mitetemo 50 kwa sekunde, ongeza kidogo kati ya 80 na 150, kisha shusha kila kitu kuanzia 3,000 kwenda juu.

Na mkipata nafasi ya kuja Kampala, nendeni mkawaone Afrigo Band, waliopo tangu 1975. Simama karibu na mpiga ngoma, umsikilize mpiga besi anavyomfuata mguu.

SWALI: Fundi, baba mkubwa ameniachia amplifaya ya vali kutoka Marekani, haijawashwa miaka mingi. Niiwashe tu? (Jinja)

JIBU: Hapana! Kwanza soma nyuma yake. Nyingi za Marekani zinataka volti 120, na kwetu umeme ni 240. Bila transfoma ya kushusha utaiunguza mara moja. Pili, usiiwashe kamwe bila spika kuchomekwa, transfoma yake ya kutoa sauti itaharibika. Tatu, usiifungue mwenyewe. Kapasita zake zinaweza kushika umeme mkali hata ukishachomoa waya ukutani. Mpelekee fundi aliyewahi kutengeneza redio za vali, naye aanze na kubadilisha kapasita hizo.

SWALI: Gita langu linavuma “mmmm” kanisani, nikigusa nyuzi linanyamaza. Fundi wa sauti amesema tukate waya wa ethi (ule unaopeleka umeme ardhini). (Mbale)

JIBU: Msiukate. Huo ndio unaokukinga usipigwe na umeme ukiwa umeshika gita na maikrofoni kwa pamoja. Mwite fundi umeme apime ethi ya jengo, kisha weka pikapu zote mbili sawa na usimame mbali na taa za tyubu.