Mwanafunzi wa ngoma mpe na daftari

Kama unafundisha ngoma, iwe kikundi cha mtaani, shule au chuo, wape wanafunzi wako daftari. Najua kuna watakaosema mtoto kaja kucheza we unamrudisha kwenye kuandika, ila kwa nilivyofundisha mimi sijaona kitu kinachomfungua mwanafunzi kama kueleza kwa maandishi mwili wake ulifanya nini.

Mfano tukimaliza mazoezi ya bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe, nawapa kama dakika kumi hivi waandike kipande kimoja tu, pale pa kurusha jembe na kulidaka. Neno "nzuri" marufuku, "nimejitahidi" marufuku, nataka waniambie magoti yalikuwaje, uzito uko mguu gani, macho yanaangalia wapi na sikio linafuata ngoma ipi. Mwanzoni utapata "nilirusha jembe nikadaka", basi. We muulize tu, ulirusha kwa kiwiko au kwa bega? Hapo ndo anasimama, anajaribu tena mikono mitupu, anarudi kuandika. Kuna binti aliandika hivi: "nakunja magoti kwanza, ngoma kubwa ikilia nanyanyuka na jembe linanyanyuka na mimi, mkono hausukumi." Yani huyo keshajua nguvu inatoka miguuni, na kajua mwenyewe!

Halafu wabadilishane madaftari. Mmoja acheze kwa kusoma alichoandika mwenzake, mwenye daftari akae kimya kabisa hata jamaa akigeukia upande siyo, mana hapo ndo anaona alichoruka.

Wengine wananiambia si urekodi tu na simu. Narekodi pia, lakini video inakuonyesha mguu umefika wapi, haikwambii uzito ulihama saa ngapi wala pumzi ilikuwaje. Wapo wanaotumia alama za kuandikia miendo ya ngoma alizotoa mtaalamu wa ngoma Rudolf Laban mwaka 1928, mfumo mzuri sana ila kuujua kunataka muda, kwa darasa la kawaida maneno yanatosha.

Kalamu nyekundu weka mbali, usisahihishe insha. Waandike Kiswahili cha mtaani au Kisukuma, vyovyote, na mtu akikosa jina la mwendo fulani mtume kwa wazee wanaoicheza hiyo ngoma akaulize, mi maneno mengi ninayotumia darasani nimeyapata hivo.