Mtoto kavunjika penye gegedu la ukuaji: maswali yenu

Swali: Daktari, cheti cha mwanangu kimeandikwa Salter-Harris 2, ndo nini?

Salter na Harris ni madaktari wa Toronto, Kanada, waliopanga mivunjiko hii mwaka 1963. Mtoto anayekua ana utepe wa gegedu karibu na ncha ya mfupa, hapo ndo mfupa unaporefukia, sasa wao wakaangalia ufa umepita wapi. Namba 1 umepita kwenye gegedu peke yake, namba 2 umepita gegedu afu ukakatiza kwenye shina la mfupa (hii ndo tunakutana nayo zaidi), 3 umegeukia ncha ukaingia kwenye jointi, 4 umekata vyote vitatu, na 5 gegedu limebondeka.

Swali: Kwa hiyo namba ndogo nisiogope?

Hapo naomba tuelewane vizuri, maana wazazi wengi wanashika namba wanasahau ni mfupa gani. Namba 2 ya kifundo cha mkono kwa kawaida inapona vizuri, lakini namba 2 hiyohiyo juu tu ya goti inaweza kusimamisha ukuaji mguu ukabaki mfupi au ukapinda, kwa sababu gegedu la pale ndo linatoa kama asilimia 70 ya urefu wa mfupa wa paja. Na mtoto akiwa mdogo ndo hasara inakuwa kubwa, bado ana miaka mingi ya kurefuka.

Swali: Eksirei ya binti yangu ilitoka safi, mbona hawezi kukanyaga?

Gegedu halionekani kwenye eksirei, namba 1 inaweza kujificha kabisa. Daktari akibonyeza usawa wa gegedu mtoto akaruka, tunamfunga kama aliyevunjika tu na picha inarudiwa baada ya wiki moja au mbili. Tafadhali sana usimpeleke kuchuliwa!

Swali: Kijana wangu wa miaka 14 ana namba 3 kifundo cha mguu, lazima operesheni?

Inategemea pengo kati ya vipande vya mfupa. Likizidi milimita 2 kwa kawaida tunaoparesheni, na CT skani inasaidia kulipima. Umri huo gegedu linakaribia kufunga, yaani kugeuka mfupa na kuacha kurefusha, kwa hiyo hofu yangu si urefu, ni jointi kupona ikiwa na ngazi, yaani upande mmoja juu mwingine chini.

Swali: Plasta imeshatoka, kwa nini tunaambiwa turudi?

Kwa sababu namba 5 mara nyingi inajulikana baadaye, mguu ukishaanza kupinda. Rudini mpaka miezi 6, hata mwaka, na mpimwe miguu yote miwili.