Zabibu kwenye baridi kali: chagua mche kwa ajili ya Januari

Ndugu zetu walioko Minnesota, Wisconsin na huko Kanada wananiuliza sana kama kweli zabibu zinaota huku, na jibu ni ndio, zinaota na zinazaa vizuri tu, ila karibu wote wanaanza na maswali ya kiangazi, yaani zitaiva? zitakuwa tamu? wakati mwezi unaoamua kama utakula zabibu au la ni Januari.

Sisi tuliokulia upande wa Dodoma tumezoea mzabibu usiolala. Unapogoa, unachipua, unavuna mwezi wa pili au wa tatu, unapogoa tena na kwenye mwezi wa nane wa tisa unavuna tena, mwaka mmoja mavuno mawili. Huku ni mavuno mamoja na karibu nusu mwaka mti umelala, yaani umepukutisha majani na haukui, na ni lazima ulale, kwa sababu mzabibu uliolala sawasawa unavumilia baridi ambayo ungekuwa bado na majani mabichi ungekufa nayo usiku mmoja. Kwahiyo yote nitakayosema hapa yanarudi kwenye kitu kimoja tu, chukua aina inayojua kulala mapema, halafu ikitaka kulala usiisumbue.

Tuanze na aina. Cabernet Sauvignon, Merlot, Chardonnay na wenzake wa Ulaya, jamani achaneni nazo. Zinaanza kuumia baridi ikifika nyuzi za Selsiasi 20 mpaka 25 chini ya sifuri, na Minneapolis tarehe 30 Januari 2019 ilishuka mpaka kama 33 chini ya sifuri. Duka kukuuzia mche sio uthibitisho kwamba utapita winta ya kwako, uliza jina la aina, muuzaji asipojua jina ondoka. Chuo Kikuu cha Minnesota wamefanya kazi kubwa sana kwenye hili, wamechanganya mizabibu ya asili ya Ulaya na mzabibu pori wa hukuhuku, ule unaopanda juu ya miti kandokando ya mito, wakatoa Frontenac mwaka 1996, La Crescent 2002, Marquette 2006 na Itasca 2017. Kuna na Elmer Swenson, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Osceola kule Wisconsin, aliyezalisha aina zake mwenyewe shambani, Edelweiss, St. Croix na nyinginezo, na mimi namheshimu sana huyu mzee kwa sababu bila yeye watu wengi wa kaskazini wasingekuwa na zabibu uani kwao. Kama unataka za kula na watoto tafuta Somerset Seedless, haina kokwa na ni tamu, au Bluebell. Frontenac ni ya divai na jemu, ukiila mbichi tindikali yake utaisikia mpaka kwenye masikio.

Na nunua mche uliooteshwa kwa kipande cha tawi, sio wa kubebesha, yaani aina moja iliyounganishwa juu ya shina la aina nyingine. Baridi ikiua sehemu yote ya juu, mche wa kipande utachipua kutoka chini ukiwa aina ileile uliyonunua, lakini wa kubebesha unaweza kukuletea shina la chini ambalo hukulitaka.

Pa kupanda tafuta jua la kutosha, masaa sita au zaidi, na usipande bondeni. Hewa ya baridi inateremka na kutuama chini kama maji, mwezi wa tano ndio utaona, waliopanda kwenye mteremko machipukizi yao yamesalimika na aliyepanda chini kabisa yake yamekuwa meusi. Marquette hasa inawahi kuchipua, hiyo ipe mahali pazuri kuliko zote.

Sasa kulala. Ukiangalia tawi la mwaka huu mwezi wa tisa utaona linaanza kubadilika kutoka kijani kuwa kahawia, linaanzia chini kwenda juu. Pale palipokuwa kahawia ndipo patakapopita winta, ncha iliyobaki kijani imekwisha, hiyo haina msaada. Kazi yako ni kuhakikisha kahawia inafika mbali, kwahiyo urea na samadi usiweke tena kuanzia katikati ya kiangazi, maji punguza kuanzia mwisho wa mwezi wa nane (labda mche mchanga au ukame mkali), na mti usiubebeshe vichala kupita uwezo wake maana mti uliochoka na mzigo unachelewa kukomaa. Na tafadhali usipogoe majani yanapopukutika kabla ya winta, hata kama unaona matawi yamekaa vibaya.

Subiri mwisho wa mwezi wa tatu au mwanzo wa wa nne, baridi kali ikishapita. Kabla hujakata chukua wembe, pasua macho kadhaa (vile vifundo vya kuchipulia) kwenye matawi tofauti uangalie ndani, kijani ni hai, kahawia nyeusi ni maiti. Ndani ya kila jicho kuna machipukizi matatu, lile kubwa la katikati ndilo linalotangulia kufa na baridi, likifa la pili linachukua nafasi, na uzuri wa Frontenac ni kwamba hata hilo la pili linazaa. Ukikuta nusu ya macho yamekufa basi acha macho mara mbili ya ulivyokusudia. Ukikuta mazima, kata bila huruma, zabibu zinatoka kwenye matawi yaliyokua mwaka jana, kwahiyo kuondoa asilimia 80 mpaka 90 ya matawi ni kawaida kabisa, na yale maji yanayodondoka ukikata hayaui mti. Mimi naacha mashina mawili kwa kila mzabibu, moja likipasuka na baridi lingine linaendelea.

Mwaka wa tatu hivi ndio unaanza kuvuna. Weka neti zikianza kubadilika rangi, ndege hawangoji, na usidanganywe na rangi, onja, zikiwa bado kali ziache wiki nyingine mbili tatu mtini.

La mwisho ni jirani yako. Dawa za kuua magugu ya kwenye nyasi, 2,4-D na dicamba, zinapeperuka, na mzabibu ni mwepesi mno kudhurika nazo, majani yanajikunja na kuwa membamba yenye umbo la upepeo na mazao ya mwaka huo yanaweza kupotea. Nenda ukaongee naye mapema, kabla hajaanza kupulizia, umuombe apulize siku isiyo na upepo wala joto kali, na upande wa kwenu aache kabisa.