Muhogo mchungu, ng'onda na vidole vilivyoungua

*Mvua ilikuwa haba, tukachimba muhogo mchungu tuliokuwa tumeuacha shambani. Tulimenya, tukaanika siku mbili, tukatwanga. Sasa watoto wakila ugali wanalalamika kizunguzungu na kichefuchefu. Wifi anasema ni minyoo. (Mama, Newala)*

Dada yangu, unga huo usiusonge tena kama ulivyo, na watoto wapeleke kituo cha afya wakapimwe, maana kizunguzungu kina sababu nyingi. Ila mimi siifikirii minyoo kwanza. Muhogo mchungu hutoa sumu ya sayanidi, na ukame huizidisha. Kuanika tu, tena siku mbili, hakuiondoi ya kutosha. Mkoa wetu wa Mtwara umewahi kupata wagonjwa wa konzo: miguu inapooza ghafla na hairudi kama zamani. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa kwenye nyumba zinazokula ugali wa muhogo asubuhi na jioni bila kitoweo cha maana.

Muhogo uliobaki shambani menya, loweka siku 3 au 4 mpaka ulainike, mwaga maji, kamua, kisha anika hadi ukauke kabisa. Unga uliokwisha kutwangwa nao unaokoleka. Utie kwenye beseni, weka alama unapofikia, mimina maji kidogo kidogo ukichanganya. Kwanza utashuka, halafu utapanda tena. Ukifika kwenye alama acha maji. Tandaza juu ya jamvi, unene usizidi sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu itoke na hewa. Songa ugali siku hiyohiyo, usiulaze.

Na kitoweo kisikosekane. Mwili hutumia protini kuivunja sumu hiyo, kwa hiyo dagaa, kunde au mbaazi si anasa. Mbaazi tunalima sisi, halafu zote tunazijaza kwenye magunia ya mnunuzi, nyumbani hatubakizi hata kibaba!

*Mama mkwe anatia magadi kwenye kisamvu. Ni sawa? (Masasi)*

Magadi yanalainisha upesi, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini na kuongeza sodiamu. Kisamvu kinataka kinu: kitwange hasa, kichemshe sufuria ikiwa wazi, tui la pili litangulie na tui zito lije mwishoni. Cha kukatakata kwa kisu bila kutwanga sikishauri, kwa sababu ile ile ya muhogo. Mama mkwe usimkosoe. Wahi wewe kinuni.

*Nina presha. Nimeambiwa niache nazi kabisa. Mtu wa Lindi ataishije? (Baba, Lindi mjini)*

Ataishi, mzee wangu, tena na nazi kidogo. Kwa presha mimi ningeanza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mboga, ya wali na ya ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi. Huyo ng'onda mloweke, badilisha maji mara mbili tatu, na mchuzi wake usiutie chumvi nyingine. Ndimu na pilipili zitakusaidia.

Nazi ina mafuta yanayopandisha lehemu (kolesteroli), basi tumia tui la pili, lile zito libaki la sikukuu. Dawa za presha usiziache kwa sababu umebadilisha chakula.

*Nilibangua korosho nyumbani, vidole vimebabuka. (Nachingwea)*

Ni mafuta ya ganda, makali sana. Osha kwa sabuni na maji mengi, usijishike macho. Likitoka lengelenge usilipasue, na likisambaa nenda zahanati. Safari nyingine vaa glavu, au paka majivu mikononi kama wanavyofanya wabanguaji wazoefu. Kuchoma korosho ni nje, ukikaa upande upepo unakotoka, maana ule moshi unawasha koo na macho. Maganda yasiwe kuni za kupikia chakula, hata kama yanawaka vizuri.

*Juisi ya mabibo (matunda ya mkorosho) inanikaba koo, lakini nasikia ina vitamini nyingi. Nifanyeje? (Mtwara)*

Vitamini C imo kwa wingi, kuliko kwenye chungwa. Kinachokaba ni tanini, ndiyo inayoleta ukakasi. Chagua mabibo yaliyoiva yakaanguka siku hiyo, osha, kamua, kisha changanya juisi na uji mwepesi wa mchele uliopoa. Iache itulie: ule ukakasi utashikana na uji na kuzama chini. Chuja kwa kitambaa safi, unywe siku hiyohiyo. Ukiilaza itachachuka, na majirani watakuja na vikombe wakidhani umepika uraka, ile pombe ya mabibo. Nguo nyeupe vua kwanza, doa la bibo halina sabuni.