Uji Mzito Sawa, Mafuta Mazito Hapana
Msomaji wa Morogoro anamsaidia mdogo wake maswali ya maabara ya fizikia. Anauliza: gololi ikizama polepole kwenye glisalini, tuseme glisalini ina "mnato" au ina "uzito"? Na "chaji" ya umeme haina Kiswahili chake?

Mnato. Limetokana na kunata, kama unatavyo ulimbo, na wanafizikia wetu walishalipokea kitambo. Jibu limekwisha, ila hilo "uzito" limenikaa kooni miaka mingi.

Uji mzito sina ugomvi nao. Jikoni tunaelewana: mwiko unagoma kuzunguka. Lakini ukiingia maabara ukaandika "mafuta ya kula ni mazito kuliko maji", rudi kwanza jikoni, mimina vijiko viwili vya mafuta kwenye glasi ya maji. Yamekaa wapi? Juu. Koroga, subiri. Juu tena! Kizito gani hicho kinachoelea juu ya chepesi? Lita ya mafuta haifiki kilo moja, ya maji ni kilo kamili. Kinachoyafanya mafuta yachuruzike kwa kujivuta ni mnato, basi. Au chukua zebaki: lita yake ina kilo 13.6, karibu mara 10 ya asali, na bado humiminika upesi kama maji. Asali, iliyo nyepesi kuliko zebaki, inajikokota. Haya, nzito ni ipi?

Nimewahi kusoma ripoti ambamo "uzito" ulifanya kazi ya tungamo (kiasi cha maada kwenye kitu), densiti (tungamo kwa kila ujazo, kama zile kilo kwa lita) na mnato ndani ya aya moja. Neno maskini, hata likizo halipewi.

Chaji iache. Ilitoka kwa Waingereza, sasa ni mwenyeji. Najua, simu "ikiisha chaji" kilichoisha ni nishati. Chaji zimo humo humo, chanya na hasi, sawa kwa sawa. Vita hiyo nimeshindwa, hata mimi nasema hivyo hivyo.

Mdogo wako akifika kwenye jaribio la matone ya mafuta la Millikan, mwanafizikia Mmarekani aliyepima chaji ya elektroni, atayakuta maneno yote mawili kwenye hesabu moja, maana chaji ya tone haipatikani bila kujua mnato wa hewa linamoshukia. Millikan mwenyewe, mwaka 1913, alitumia thamani ya mnato wa hewa iliyopungua kidogo, na chaji ya elektroni ikamtokea ndogo kuliko kulombi (kizio cha chaji) 1.602 × 10⁻¹⁹ za leo. Mnato wa hewa, nasema. Au hewa nayo mtaniambia ni nzito?